Majimbo ya Marekani Dhidi ya Ulaghai wa Mtandaoni: Mwanasheria Anajibu

Intaneti haina mipaka. Kwa nini kila jimbo litunge sheria yake?

Kwa sababu mwananchi akisumbuliwa humlilia kwanza mbunge wa jimboni kwake. Nevada ilitunga sheria ya barua pepe taka mwaka 1997. Sheria ya taifa, CAN-SPAM, ilianza kutumika 1 Januari 2004 na kuzizima nyingi za majimbo, hata ile kali ya California iliyomtaka mtumaji aombe ruhusa kwanza. Majimbo yaliachiwa hasa kazi ya kupambana na uongo, na kwangu mimi hapo ndipo penye nguvu yao.

Na programu za ujasusi?

Utah ilitangulia mwaka 2004. Lakini kesi ya kufundishia ni ya Texas, Novemba 2005, jimbo lilipoishtaki kampuni ya muziki ya Sony BMG. Mtu amenunua CD ya muziki, anaitia kwenye kompyuta asikilize. Kumbe inasakinisha programu inayojificha. Faili lolote lenye jina linaloanza na $sys$ lilitoweka machoni pa mwenye kompyuta, na haikuchukua muda wahalifu wakaanza kuficha virusi vyao humo humo. Fikiria: umelipia muziki kihalali, na bado unafunguliwa mlango wa nyuma nyumbani kwako! Desemba 2006 kampuni ilikubali kuilipa Texas dola 750,000.

Zipo sheria za majimbo zilizoanguka mahakamani?

Ndiyo, na zilistahili. Virginia ilimhukumu mtumaji mmoja wa barua taka kifungo cha miaka 9. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo ikafuta hukumu hiyo, kwa kuwa sheria ilimbana hata anayeficha jina ili atoe maoni ya siasa au dini. Wavu ulikuwa mpana mno.

Naomba kazi Maryland. Mwajiri anataka nywila yangu ya Facebook. Nimpe?

Usimpe. Tangu mwaka 2012 Maryland, iliyotangulia majimbo yote kwa hili, inamkataza mwajiri kudai nywila ya akaunti binafsi, wala hawezi kukunyima kazi kwa kuwa umekataa. Kataa kwa adabu, kisha andika tarehe na maneno aliyoyatamka. Ila ulichokiweka wazi kwa kila mtu, hicho anaruhusiwa kukisoma.