Kazi ipo, nafasi haipo: mwalimu wa lugha ya kigeni katika shule ya msingi

Mwaka jana nilikaa majuma sita katika shule moja ya msingi ya hapa Lubumbashi, nikifuata masomo ya mwaka wa tatu. Siku moja mwalimu alimuuliza mtoto mmoja: « Tu n'as pas fait le devoir ? » Mtoto akajibu: « Oui, madame. » Mwalimu akaridhika, akaendelea na wengine. Alipokusanya madaftari akakuta ukurasa mtupu. Mtoto aliadhibiwa mara mbili: kwa kutofanya kazi, na kwa kusema uongo. Adhabu ya kwanza aliipokea kimya. Ya pili ilimliza.

Mtoto yule hakusema uongo. Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa « Hujafanya kazi? » naye hajafanya, hujibu « Ndiyo », yaani: ni kama ulivyosema, sijafanya. Jibu letu linayakubali au kuyakataa maneno ya muulizaji. Kifaransa hakiendi hivyo. Asiyefanya anatakiwa kusema « non », na aliyefanya anatakiwa kusema « si », neno ambalo watoto wetu wengi hawajawahi kufundishwa. Mtoto alisema kweli kwa sarufi ya Kiswahili, akatumia sauti za Kifaransa. Mwalimu wake naye ni mtu wa Kiswahili, na nyumbani hujibu vivyo hivyo. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha tofauti hiyo, kwa sababu alisomea kufundisha masomo yote, si lugha.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu swali tunaloulizana kila siku chini ya miti ya Kitivo ni lile lile: ukimaliza lugha, utafanya kazi gani? Na mtu akitaja kufundisha lugha za kigeni katika shule za msingi, wenzake humcheka au humwambia atafute Kiingereza, basi. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kazi hiyo ipo, tena ni kubwa, lakini nafasi yenye jina hilo haipo. Anayetaka kuifanya lazima ajue tofauti ya mambo hayo mawili kabla hajachagua njia.

1. Lugha ya kigeni ni ipi?

Tukisikia « lugha ya kigeni » tunafikiri Kiingereza. Kwa mtoto wa Kenya au wa Katuba anayeingia mwaka wa kwanza, lugha ya kigeni ya kwanza ni Kifaransa. Katiba ya 2006 inakitaja kuwa lugha rasmi, na inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema kwamba lugha za taifa au za mazingira zinatumiwa kufundishia na pia kuwa somo, kwamba Kifaransa ni lugha ya kufundishia, na kwamba lugha za kigeni zilizo muhimu kwa uhusiano wetu na nchi nyingine ni masomo. Kisheria, basi, Kifaransa si lugha ya kigeni. Lakini sheria haibadilishi lugha ambayo mtoto amelelewa nayo.

Wazo hili si geni kwetu. Mnamo Mei 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana katika mji huu huu wa Lubumbashi, wakajadili nafasi ya lugha za taifa katika shule. Tangu hapo miradi imefuatana. Kuanzia 2012 nchi yetu iliingia katika mpango wa ELAN wa nchi zinazotumia Kifaransa, unaofundisha kusoma kwanza kwa lugha ya mtoto. Baadaye mradi wa ACCELERE ulitoa vitabu vya kusomea kwa Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Mpango ni mzuri: mtoto asome kwanza kwa lugha anayoijua, kisha avuke kuingia Kifaransa. Mahali pa hatari ni pale pa kuvukia, na pale ndipo nilipomkuta mtoto wangu wa mwaka wa tatu.

Tuangalie mifano michache ya mahali hapo pa kuvukia, niliyoiandika katika daftari langu.

Kusoma. Kwa Kiswahili kila herufi ina sauti yake. Mtoto aliyefundishwa hivyo akikutana na neno « eau » husoma e-a-u, na ana haki. Herufi « u » ameijua kwa sauti moja. Sasa anaambiwa sauti ile inaandikwa « ou », na kwamba « u » ni sauti nyingine ambayo lugha yake haina. Ndiyo maana « rue » hutamkwa « ri ». Wazee wetu walifanya vivyo hivyo walipoligeuza « bureau » kuwa « biro ». Vokali zetu ni tano tu.

Jinsia. Kiambishi « a- » katika « amekuja » hakiulizi kama ni mume au mke. Mtoto huandika: « Maman est venue, il m'a donné du pain. » Si kwamba hamjui mama yake. Ni kwamba lugha yake hupanga majina kwa ngeli, na mama na baba wako katika ngeli moja.

Maana. Sisi husikia sauti, husikia baridi, husikia harufu. Mtoto huandika: « J'entends une mauvaise odeur. » Mwalimu hupiga mstari mwekundu, bila kusema kwamba kitenzi kimoja cha Kiswahili kinabeba kazi ya vitenzi viwili au vitatu vya Kifaransa.

Na kuna jambo la nne, ambalo linatuhusu sisi zaidi. Kitabu husema « watoto wanacheza ». Mtoto wa mjini kwetu husema « batoto banacheza ». Hata Kiswahili cha kitabu anahitaji kukivukia. Anayemfundisha asipolijua hilo, ataona makosa mahali ambapo kuna sarufi nyingine.

2. Hali ya ajira ilivyo

Sasa niseme wazi yale ambayo hatupendi kuandika. Katika shule za msingi za Serikali, na zile zinazosimamiwa na makanisa, mwalimu mmoja huwa na darasa lake na masomo yote. Cheti kinachotakiwa ni diploma ya sekondari, upande wa pedagojia. Kiingereza kinasubiri sekondari. Na mafunzo yetu ya ualimu hapa chuoni, yale yanayoitwa « agrégation », yanatuandaa kwa sekondari. Kwa hiyo mwenye lisansi ya lugha akienda kwa mkuu wa shule ya msingi, mkuu hana sanduku la kumwekea.

Hata aliye na sanduku hana uhakika wa mshahara. Elimu ya msingi bila malipo, ambayo Katiba iliiahidi katika kifungu cha 43, ilianza kutekelezwa kwa kweli Septemba 2019. Madarasa yalijaa. Walimu wengi walikuwa kazini bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo, na « Nouvelles Unités » ni jina ambalo kila familia yenye mwalimu inalijua. Mtu anaweza kufundisha mwaka mzima akisubiri kuwa « mekanize ».

Ziko shule za binafsi. Hizo ndizo zinazotafuta mwalimu wa Kiingereza tangu shule ya watoto wadogo, na sababu inaeleweka: Zambia iko karibu, malori ya Kasumbalesa tunayaona, kampuni za madini zinaandika mikataba kwa Kiingereza, na tangu 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi mwenyewe nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya namna hiyo, asubuhi tatu kwa juma. Tulilipwa kwa karo za wazazi. Wazazi wakichelewa, nasi tulichelewa. Likizo kubwa haikulipwa. Sikuwa na mkataba wa maandishi. Nilijifunza kazi, na sijutii, lakini sikuweza kupanga nyumba kwa fedha ile.

3. Njia tatu

Nikiangalia hali hiyo, naona njia tatu kwa mwanafunzi wa lugha anayeipenda shule ya msingi.

Njia ya kwanza ni hiyo ya shule za binafsi. Ni ya haraka, na haina uhakika. Anayeiingia adai mkataba wa maandishi, na aulize mapema kuhusu miezi ya likizo.

Njia ya pili ni kuwafundisha wanaofundisha. Mwalimu wa mwaka wa tatu hahitaji kuondolewa ili sisi tuchukue chaki yake. Anahitaji mtu wa kumwonyesha kwa nini « oui » ya mtoto si uongo. Kazi hiyo hufanywa katika taasisi za juu za ualimu, katika ukaguzi wa shule, katika uandishi wa vitabu vya msingi na miongozo ya walimu, na katika miradi ya kusoma inayokuja na kuondoka. Hapo, aliyesomea lugha za Afrika ana kitu ambacho aliyesomea Kifaransa au Kiingereza peke yake hana: anajua lugha ambayo mtoto anatoka nayo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba miradi ina mwisho, na mwisho wake hauamuliwi Lubumbashi.

Njia ya tatu inageuza swali. Kiswahili chetu nacho ni lugha ya kigeni kwa wengine. Rwanda ilikifanya lugha rasmi 2017. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua 2022 kiwe somo la lazima shuleni. Afrika Kusini ilikiingiza kati ya lugha za hiari za shule. Na hapa nchini, mtoto wa Kinshasa au wa Mbandaka hakijui. Lakini tusijidanganye: huko nje watatuomba Kiswahili sanifu, na Watanzania na Wakenya wamekwisha fika. Anayetaka njia hii akisome Kiswahili sanifu kwa bidii ile ile anayosomea Kifaransa.

4. Tunachoweza kuomba na kufanya hapa Kitivoni

Sitaki kumaliza kwa kulaumu Serikali peke yake. Mambo matatu yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, sehemu ya mazoezi yetu ya ualimu ifanyike katika shule ya msingi, hata kwa majuma mawili. Pili, somo la kulinganisha Kiswahili na Kifaransa lifundishwe kwa mifano ya watoto wa mji huu, pamoja na ile ya vitabu. Tatu, kila mmoja wetu anayetafuta kichwa cha kazi yake ya mwisho wa masomo afikirie kukusanya makosa ya madaftari ya mwaka wa tatu na wa nne. Tukiwa kumi, kwa miaka mitatu tutakuwa na mkusanyo ambao mwandishi yeyote wa kitabu cha shule atautaka. Hapo tutakuwa na la kuonyesha tunapodai nafasi.

Mimi nimekwisha chagua njia ya pili, nikijua kwamba huenda nitaanza na ya kwanza ili nile. Kabla ya kuondoka katika shule ile, niliomba ruhusa ya kuzungumza na mwalimu wa mwaka wa tatu. Nilimwuliza kwa Kiswahili: « Mama, hujanywa chai? » Akajibu: « Ndiyo, bado. » Kisha akanyamaza kidogo, akacheka, akaniuliza: « Ni yule mtoto, eh? » Kesho yake alianza somo la Kifaransa kwa kuandika ubaoni neno « si ».