Kabla Hujalipia Jenereta ya Mashine ya Kupumulia Usiku

Hivi majuzi mteja wetu mmoja anayeishi Umoja alitupigia na swali la kawaida: nikilipia jenereta kwa simu halafu muuzaji asilete, pesa itarudi? Tulipomuuliza jenereta ni ya kazi gani, akasema babake analala na mashine ya CPAP, stima imepotea mara mbili wiki hiyo, na mara zote mbili mzee ameamka akihema kama mtu aliyekuwa anazama. Wanakaa flati, orofa ya tatu. Jenereta wangeiweka kwa balkoni.

Tulimwomba asitume hiyo pesa kwanza. Tunaandika sababu zetu hapa kwa sababu tunajua wateja wetu wengi wa Buruburu, Donholm, Kayole na Pipeline wanaishi vivyo hivyo: flati zimebanana, dirisha la jirani liko mkono mmoja kutoka lako, na jenereta ya ploti, kama iko, ni ya pampu ya maji tu.

Kwanza tuelewe mashine yenyewe. Mtu mwenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ule hospitalini unaitwa sleep apnea, koo lake hulegea akilala na njia ya hewa inajifunga. Pumzi inakatika sekunde kumi au zaidi, anashtuka, analala tena, inakatika tena. CPAP husukuma hewa kwa presha ndogo kupitia maski ili koo libaki wazi. Daktari wa Australia, Colin Sullivan, ndiye aliyeitangaza njia hii mwaka 1981. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba mashine hii haitengenezi oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani, hiyo hiyo mnayopumua nyote, na kumpelekea mgonjwa. Kichujio chake kinazuia vumbi. Gesi hakizuii.

Sasa weka jenereta ya petroli kwa balkoni. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ni ile ile inayoua watu wakilala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Inaingia kwa mlango wa balkoni, kwa dirisha lako na la jirani wa juu. Mzee amevaa maski, amelala usingizi mzito ambao ameukosa siku nyingi, na mashine inampelekea hewa hiyo pumzi baada ya pumzi. Kufungua dirisha hakutoshi. Jenereta inatakiwa ikae nje kabisa, angalau mita sita kutoka mlango au dirisha lolote, moshi ukielekea mbali na nyumba. Tuambie ukweli, ni ploti gani ya Pipeline ina mita sita?

Basi watu huuliza, tufanyeje? Jibu letu ni betri, na hesabu yake si ngumu.

Chukua CPAP ya kawaida inayokula takriban wati 30 ikiwa kile kitanki cha kupasha maji moto kimezimwa. Kwa saa 8 hiyo ni wati-saa 240, yaani robo ya yuniti moja ya stima. Kitanki kikiwashwa, inaweza kufika wati 60, na usiku mzima ni wati-saa 480. Betri ya volti 12 yenye 100Ah ina wati-saa 1,200 kwa karatasi, lakini betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Una 600. Toa kidogo kinachopotea kwa inveta, na unaona: kitanki kikizimwa, usiku mbili, kikiwashwa, usiku mmoja tu, na kwa kubana. Betri ya lithiamu unaweza kuitumia zaidi ya nusu, ila bei iko juu. Hesabu hizi si za mashine ya oksijeni, ile inakula wati mara kumi au zaidi. Kama mgonjwa wako ana ile, ongea na hospitali yake kwanza.

Inveta uangalie boksi limeandikwa pure sine wave. Zile za bei rahisi hutoa umeme mbaya unaoweza kuharibu adapta ya CPAP, na adapta si kitu cha kupata kwa duka la mtaani. Au uliza kama kampuni iliyotengeneza mashine yako inauza waya wa kuiunganisha moja kwa moja na betri. Ukiupata, inveta huihitaji.

Faida nyingine ya betri ni saa nane usiku. Stima ikienda, jenereta inataka mtu aamke, ashuke ngazi, aivute kamba, huku mgonjwa maski iko usoni na hewa haisukumwi. (Mashine ikizima, maski itolewe.) Betri iliyounganishwa vizuri inashika yenyewe. Kazi za KPLC zinazotangazwa kwa kawaida huwa za mchana, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni; zinazokupata usingizini ni zile zisizotangazwa. Tunakumbuka Ijumaa ya 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ikaingia giza usiku, hadi uwanja wa ndege wa JKIA.

Hapo ndipo jenereta inapata kazi yake: stima ikipotea siku mbili, ile ya kanisa, ya duka au ya rafiki mwenye uwanja inaweza kuchaji betri mchana, nje. Usiichomeke kwa soketi ya ukutani. Umeme utarudi kwa laini na kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Gharama? Tuchukue petroli shilingi 180 kwa lita na jenereta ndogo inayokula nusu lita kwa saa. Usiku mmoja wa saa 8 ni lita 4, shilingi 720. Kuchaji betri kwa usiku huo huo ni chini ya yuniti moja ya stima.

Kabla ya yote hayo, hakikisha si token zimeisha. Angalia mita kabla ya kulala. Paybill ya token za KPLC ni 888880, akaunti ni namba ya mita, na token yenyewe ni tarakimu 20. Ikichelewa, jaribu *977#, usilipe mara ya pili kwa hasira. Wenye mita ndogo ya landlord, nunueni mapema, kwa sababu usiku huenda hakuna wa kuwajibu.

Sasa lile swali la mteja wetu. Pesa uliyotuma kimakosa unaweza kuomba irudishwe, lakini aliyepokea akishaitoa, kuirudisha kunakuwa kugumu sana. Kwa hivyo usitume diposti kwa namba ya mtu uliyemwona kwa tangazo la mtandaoni. Nenda dukani, soma jina linalotokea unapolipa, lilingane na la duka, na risiti iandikwe warantii.

Ukilipa mdogo mdogo, piga jumla. Mfano tu: seti ni shilingi 36,000 taslimu. Kwa mkopo wanataka diposti 9,000 na 150 kila siku kwa siku 270. Hiyo ni 49,500. Ukiweka akiba 300 kwa siku, siku 120 unayo. Lakini kama mgonjwa anaamka akihema leo, siku 120 ni nyingi, na 13,500 ya ziada huenda ikawa na maana kwenu. Wakati mnangoja, daktari wake aambiwe. Usiku wa giza mgonjwa alale ubavu, kichwa kimeinuliwa, bila pombe wala dawa za usingizi.

Mteja wetu alienda Luthuli Avenue na mashine ya mzee ndani ya begi. Aliiunganisha na betri na inveta pale kaunta, ikanguruma nusu saa wateja wengine wakishangaa, ndipo akalipa.