SOMO: Kabla ya kupandisha sola juu ya paa



Kamati ya parokia moja ya Buguruni ilituletea mpango wa kufunga sola kwenye ukumbi. Umeme utakaobaki ungeuzwa kwa vinyozi, mafundi cherehani na mama lishe wa jirani ili kurudisha gharama. Wazo ni jema, lakini marejesho yote yalitegemea mauzo hayo. Tukarudi pamoja kwenye sheria.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inasamehe leseni kwa mitambo midogo, isiyofikia megawati 1. Msamaha huo hauondoi mamlaka ya EWURA juu ya bei na usalama. Hivyo tutofautishe mambo matatu:

1. Kuzalisha kwa matumizi yenu. Hili ndilo jepesi.
2. Kuingiza ziada kwenye gridi. Kanuni za mwaka 2018 zinaruhusu, kwa mkataba na TANESCO. Ziada huhesabiwa kwenye bili yenu.
3. Kuvuta waya hadi kwa majirani. Huo ni usambazaji wa umeme, na Buguruni tayari inahudumiwa na TANESCO. Msianze bila idhini.

Wengine watauliza: mbona Ludewa wameweza? Huko vijiji vya Lupande, Mawengi na Madunda viliungana katika jumuiya ya LUMAMA, wakisaidiwa na Jimbo Katoliki la Njombe na shirika la ACRA la Italia. Wanatumia maji ya mto, nao walianza mahali ambapo gridi ya taifa haikuwa imefika. Tofauti ni hiyo.

Hata penye ruhusa, bei si ya kamati peke yake. Mwaka 2020 wenye gridi ndogo vijijini walielekezwa kuuza uniti kwa shilingi 100, chini sana ya bei walizopangia mahesabu yao.

Kamati ya Buguruni imepunguza mpango: sola ya ukumbi tu, na marejesho yanahesabiwa kwa bili itakayopungua. Ni mradi mdogo, lakini fedha za wafadhili ziko salama.

Maswali ya kujadili:
- Mtambo utakuwa mali ya nani kisheria, na nani atasaini mkataba?
- Bei ikishushwa, betri mpya itanunuliwa kwa fedha gani?
- Je, tumefika EWURA na TANESCO kabla ya kwenda dukani?