Mafundisho ya Nyumbani: Chupa ya Mpira ya Maji ya Moto

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi ya usiku huwa kali katika nyanda za Kitengela na Kajiado, na watu wengi hutafuta njia ya kutia joto vitandani mwao. Wengine huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Hiyo ni hatari kubwa, kwa maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Chupa ya mpira ya maji ya moto ni njia bora zaidi. Lakini nayo ina masharti yake, na asiyeyajua aweza kumuunguza mtoto wake mwenyewe.

Sharti la kwanza ni kujua umri wa chupa. Joto, jua na mafuta huufanya mpira ukauke na kupasuka, na hata chupa isiyotumiwa huzeeka kabatini. Kwa hiyo yafaa kuibadili kila baada ya miaka miwili. Chupa nyingi zimepigwa alama ya mduara mfano wa ua. Tarakimu za katikati ni mwaka chupa ilipotengenezwa; vipande 12 vinavyozunguka ni miezi, na nukta zilizomo ni majuma. Ukiona 23, chupa hiyo ilitengenezwa mwaka 2023, na ilipofika mwisho wa 2025 muda wake ulikuwa umekwisha. Angalia sana: hiyo ni tarehe ya kiwandani, si tarehe uliyoinunua. Basi anayenunua chupa iliyokwisha tumika sokoni, hata kwa bei ndogo, huenda ananunua jeraha.

Sharti la pili ni kuijaribu. Itie maji baridi, funga kizibo, kisha uiminye juu ya beseni. Ikivuja, au ukiona nyufa, ugumu shingoni, au mpira uliopauka, usiitumie tena. Wala usitumie chupa ya soda ya plastiki badala yake, kwa maana hulegea na kujikunja itiwapo maji ya moto.

Tatu, usitie maji yanayochemka. Kitengela na Kajiado ziko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huko huchemka yafikapo nyuzi 95 hivi za sentigredi, si 100. Lakini mtu asidhani kwamba hayo ni nafuu, kwani maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa muda wa sekunde 5 hivi. Epua birika, ungoje kidogo, kisha ujaze chupa theluthi mbili tu. Ibonyeze polepole mpaka hewa itoke na maji yaonekane mdomoni, ndipo ufunge kizibo barabara.

Nne, ivike mfuko wa kitambaa kizito, uiweke kitandani mapema, na uiondoe kabla ya kulala. Mwaka 1947 wataalamu wa Marekani, Moritz na Henriques, walionyesha kwamba hata joto la nyuzi 44 huunguza ngozi likiigusa kwa saa 6 hivi. Ndiyo sababu joto linalopendeza saa tatu ya usiku laweza kuwa lengelenge alfajiri. Usimwachie kamwe mtoto mchanga, mzee aliye dhaifu, wala mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imepungukiwa na hisia.

Mtu akiungua, mvue upesi nguo zilizolowa na pete, isipokuwa nguo iliyoganda katika ngozi. Mwagie maji baridi ya mfereji au ya mtungi kwa dakika 20, funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai, kwani hivyo huzuia joto lisitoke na huingiza uchafu katika jeraha.

Basi jioni ya leo, kabla ya kuteleka birika, tafuta lile ua juu ya chupa yako ulisome. Ikiwa muda wake umekwisha, ikate kwa mkasi kabla ya kuitupa, asije mwingine akaiokota na kumlaza nayo mwanawe.