Dondoo muhimu: Simu inapokwaruza nyumbani Sekenke

Sekenke, wilayani Iramba, iko kwenye mteremko unaoshuka kuelekea bonde la Wembere. Mlima ukikaa kati ya nyumba na mnara, mawimbi hudhoofika, na paa la bati huyapunguza zaidi. Kabla hujanunua simu mpya, jaribu haya:

• Badili mahali. Toka chini ya paa la bati, au simama dirishani upande wenye mnara.

• Zima vifaa vya umeme, kisha washa kimoja kimoja. Inveta ya sola, chaja hafifu na baadhi ya taa za LED huvuruga mawimbi. Kelele ikirudi, umeshajua chanzo.

• Simu ya mezani isiyo na waya. Weka kitako chake juu, mbali na televisheni na ruta. Zile za 2.4 GHz hugongana na Wi-Fi na maikrowevu. Betri ikichoka, nayo huleta mikwaruzo.

• Redio ikinguruma kabla simu haijaita, simu iko karibu mno. Isogeze mita 1 au 2.

• 4G ikiyumba, chagua 3G au 2G kwenye mipangilio, kisha piga tena.

• Usifunge kiongeza mawimbi kisicho na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kinaweza kuharibu mawasiliano ya majirani, hata ya mgonjwa anayeita msaada.

• Tatizo likiendelea, andika saa na mahali, uwape huduma kwa wateja wa mtandao wako. Wasipolishughulikia, wasilisha malalamiko TCRA. Ni haki yako.