Asomewe Kwanza, Ndipo Atie Dole Gumba: Elimu kwa Wakazi wa Ipogolo kuhusu Utafiti wa Magonjwa ya Akili

Kijitabu hiki kimetolewa kufuatia malalamiko ya familia zinazouguza wagonjwa wa akili katika eneo la Ipogolo, Manispaa ya Iringa, ambazo baadhi hudhani kwamba kila anayebisha hodi na fomu mkononi ameleta dawa mpya, na nyingine huamini kwamba damu inayochukuliwa inakwenda kuuzwa. Dhana zote mbili ni potofu, lakini ya kwanza ndiyo inayoumiza zaidi.

Utafiti wa kitabibu ni uchunguzi wa watu unaofuata utaratibu uliopangwa, ama kwa kupima kama tiba fulani inafaa, ama kwa kutafuta vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano wa mtu kuugua, kama vile bangi na ulevi. Nyanda za Juu Kusini si ngeni katika kazi hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ilishirikiana na Muhimbili katika utafiti wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliowakutanisha wagonjwa na ndugu zao ili wajifunze pamoja namna ya kuishi na ugonjwa. Na huko Mbozi watafiti wamemfuatilia tegu wa nguruwe, ambaye mabuu yake yakifika kwenye ubongo huleta kifafa na, kwa baadhi ya watu, dalili za kuchanganyikiwa akili.

Hata hivyo, utafiti si matibabu. Katika majaribio mengi ya tiba mshiriki huwekwa katika kundi kwa bahati nasibu, na huenda akapewa dawabandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani yake, bila yeye wala daktari wake kujua. Kwa sababu hiyo mgonjwa asitie saini wala dole gumba kabla ya kusomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, yote, hadi mwisho. Asiyejua kusoma awe na shahidi asiyetoka katika timu ya utafiti. Aliyezidiwa kiasi cha kutoweza kuamua aamuliwe na msimamizi wake, kisha aulizwe upya akipata nafuu. Nakala ya fomu ibaki nyumbani. Jambo moja linarudiwa hapa kwa makusudi, maana ndilo linalopuuzwa kuliko yote: asitie dole gumba kabla ya kusomewa. Vilevile asiache sindano yake ya kila mwezi bila agizo la daktari, kwani wanaoiacha kwa kudhani kwamba utafiti umechukua nafasi yake ndio wanaorudishwa hospitali wakiwa wamefungwa kamba.

Masharti ya nani anafaa kujiunga hutofautiana, na yasomwe kwenye fomu husika. Anayekataa, au anayejitoa katikati, haulizwi sababu na hapotezi huduma yake ya kliniki.

Nchi hii haikuchelewa kuwalinda watu wake: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na ndiyo hutoa kibali cha utafiti, na majaribio ya dawa huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kibali cha utafiti kidaiwe mlangoni na kipelekwe kwa mtendaji wa mtaa akithibitishe. Asiye nacho arudi alikotoka, hata kama amevaa koti jeupe.