Sikoseli Hutoka kwa Wazazi Wawili

Mtoto analia usiku. Viungo vinamuuma. Vidole vimevimba na macho ni ya manjano. Majirani husema amerogwa. Wengine humlaumu mama, hata akapewa talaka. Ndugu msomaji, huenda mtoto huyo ana ugonjwa wa sikoseli, yaani selimundu.

Damu yetu ina chembe nyekundu za mviringo. Kwa mgonjwa wa sikoseli, chembe nyingine hujikunja kama mundu. Huziba mishipa myembamba, ndipo maumivu huja. Tena hufa upesi, na damu hupungua.

Ugonjwa huu hurithiwa. Kila mtu ana mbegu mbili za urithi huu wa damu: moja ya baba, moja ya mama. Mwenye mbegu moja ya sikoseli kwa kawaida haumwi, lakini anaweza kumrithisha mtoto. Baba na mama wakiwa nayo wote, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Basi mama asilaumiwe peke yake. Baba naye ametoa mbegu.

Kwa nini mbegu hii haikwisha? Sababu ni malaria. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza alichokiona Uganda. Watoto wenye mbegu moja hawakuzidiwa sana na malaria. Watoto wa namna hiyo hupona, hukua, na huzaa. Kwa hiyo mbegu hubaki katika nchi zenye mbu wengi. Sisi wa Handeni na Korogwe tunawajua mbu hao.

Lakini mtoto mwenye mbegu mbili ni mgonjwa, na malaria inaweza kumwua upesi. Mtunzeni hivi:

Alale ndani ya chandarua chenye dawa.
Anywe maji mengi.
Asipigwe na baridi.
Ahudhurie kliniki kila anapoitwa.
Akipata homa au akipauka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto anayetunzwa vizuri anaweza kukua, kusoma na kufanya kazi. Nanyi wachumba, ulizeni hospitali habari za kupima damu kabla ya ndoa.

MASWALI
1. Mtoto hurithi sikoseli kutoka kwa nani?
2. Mbegu moja inamsaidiaje mtoto?
3. Utamwambia nini jirani anayemlaumu mama?